Friji Lenye Ufunguo Mmoja

Inspekta Naeku hakuwa hata amevua koti wakati Mzee Anande alipoinuka kutoka kwenye benchi la kaunta. Julai ilikuwa imeukamata mji wa Arusha, Mlima Meru ulikuwa umefichwa na wingu tangu alfajiri, na mzee alikuwa amevaa sweta mbili na kofia ya sufu. Aliivua kofia alipomwona.

"Shikamoo mzee," alisema Naeku.

"Marahaba. Wewe ndiye mkubwa wa ile kesi ya kliniki ya Lemara?"

"Ndiye mimi. Karibu ndani."

"Sihitaji kukaa, mwanangu. Nimekuja kuuliza neno moja. Yule mfamasia, Elirehema, mmemweka ndani tangu jana. Friji la dawa lina ufunguo mmoja, na ufunguo anao yeye. Dawa ya binti yangu imechukuliwa, imewekwa maji machafu. Sasa mnachunguza nini tena?"

Naeku alimsogezea kiti hivyohivyo, na mzee akakaa. Koplo Rodrick, kijana mrefu aliyekuwa akifanya naye kazi tangu mwaka uliopita, akavuta karatasi.

Habari yenyewe Naeku alishaijua. Kliniki ya Lemara ilikuwa ndogo, imewekwa ndani ya nyumba ya zamani yenye veranda, na ilikuwa imekubaliwa kujaribu dawa mpya kwa wagonjwa wachache wenye ugonjwa wa kurithi, ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu kidogo kidogo. Aikaeli, binti wa mzee, alikuwa mmoja wao. Jumatatu alipokwenda kuwekewa dripu, daktari wa kliniki, Dk. Shaheen, aliitazama dawa, akakataa kuiweka, kisha akapiga simu polisi.

"Mama yake alianza hivyohivyo," alisema mzee. "Miguu ikafa ganzi, ikafuata mikono, ikafuata moyo. Nimemzika mimi. Aikaeli sasa anatembelea fimbo, na tangu aanze dawa hii ameanza kuisahau ile fimbo mlangoni. Unaelewa nikikwambia anaisahau? Halafu mtu anakuja kuiba."

"Kabla ya Jumatatu, mara ya mwisho ulifika kliniki lini?"

"Jumamosi. Kila Jumamosi nawapelekea maziwa, si kwa biashara, ni shukrani. Siku hiyo ndiyo lilipita gari la matangazo, kwamba Jumapili kutwa hakuna umeme, wanabadilisha nguzo. Mimi, baba wa mgonjwa, sikuondoka mpaka nimehakikisha baridi ipo ya kutosha. Yeye mwenye ufunguo alikuwa wapi? Alikuwa uani anapakia boksi kwenye bajaji."

Rodrick aliinua kichwa. "Boksi gani?"

"Lile la bluu, la plastiki, la kusafirishia chanjo. Mlinzi anamsaidia kuliinua. Nimeona kwa macho yangu haya."

Naeku na Rodrick walitazamana. Hilo la boksi lilikuwa jipya.

*

Elirehema aliletwa kutoka mahabusu akiwa amejifunika kitenge mabegani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea kueleza matumizi ya vidonge kwa watu wenye haraka. Naeku alimwagizia chai ya rangi na chapati kutoka kwa mama lishe wa nje, akasubiri mpaka alipokunywa nusu kikombe.

"Nieleze hiyo dawa," alisema. "Nieleze kama unavyomweleza mgonjwa."

"Mgonjwa namwambia hivi. Ndani ya ini lako kuna agizo bovu. Ini linalifuata, linatengeneza protini iliyopinda, na protini hiyo inakwenda kujirundika kwenye mishipa ya fahamu. Hii dawa ni RNA, kipande kidogo cha ujumbe. Kikiingia ndani ya ini kinalifuta lile agizo kabla halijatekelezwa."

"Basi si mnachoma sindano tu yaishe."

"Ikiingia kwenye damu peke yake, Afande, inaliwa njiani. Haifiki. Kwa hiyo wameifungia ndani ya chembe za mafuta, ndogo mno, hata darubini yetu ya maabara haizioni. Ini kazi yake mojawapo ni kupokea mafuta yanayozunguka kwenye damu. Linaipokea ile chembe kama linavyopokea mafuta mengine. Ikishaingia inafunguka, ujumbe unatoka."

"Kumbe inaingia kwa kujifanya ndugu," alisema Rodrick.

Elirehema alikaribia kutabasamu. "Inaingia kwa mlango unaoijua."

"Na Jumatatu uliona nini?" aliuliza Naeku.

"Dawa nzima inakuwa nyeupe sawasawa, kama maji uliyotia maziwa kidogo. Nilifungua friji, kipimajoto cha ndani kilikuwa kinasoma vizuri kabisa. Nikachukua kichupa, nikang'oa kofia, nikakiinua dirishani kama kawaida. Vipande vyeupe vinaelea. Nikatazama na vingine, vilevile. Nikamwita daktari. Mimi ndiye niliyemwita. Mwizi anamwita mwenye mali?"

"Wapo wanaoita. Ufunguo ulimpa mtu?"

"Nalala nao shingoni."

"Boksi la bluu. Jumamosi ulilipeleka wapi?"

Elirehema aliweka kikombe chini taratibu. "Hilo sitalijibu."

"Unajua linavyoonekana."

"Najua. Sitalijibu." Alitazama meza kidogo, kisha akauliza, "Dk. Shaheen amekwambia habari ya Ijumaa?"

"Hajaniambia."

"Wenye dawa, kampuni inayoitengeneza, wanataka taarifa Ijumaa. Kama ni wizi, hawaleti tena dawa kwenye kliniki yetu. Wamesema hawawezi kuruhusu iibwe ikauzwe mitaani. Kama ni ajali, wanaleta nyingine. Aikaeli akikaa muda mrefu bila dozi, kile alichokipata kitaanza kurudi nyuma. Kwa hiyo mimi mniweke tu, lakini msiandike wizi kwa sababu ya haraka."

Ilikuwa Jumatano. Alipokwisha kurudishwa ndani, Naeku alipanga picha za vichupa mezani. Kimoja kilikuwa wazi. Vingine vyote vilikuwa na kofia zake za bati, hazijaguswa, na namba zililingana na za kwenye katoni.

"Aliyebadilisha dawa aliwezaje kurudisha kofia hizi?" aliuliza.

"Afande, mji huu huu watu wanapika gongo stoo, inatoka na lebo na stempu. Kofia ya bati ni kitu gani?"

"Anayejua kufanya kazi safi hivyo angeweka maji meupe yaliyo sawasawa. Asingeacha vipande."

Rodrick alifikiri. "Na lile boksi je?"

"Hilo ndilo. Twende kwanza tukalimalize la boksi."

*

Mlinzi wa kliniki, kwa simu, alikumbuka bila taabu. Bajaji ilikwenda Kwa Mrombo, kwa mdogo wake Elirehema. Na boksi lilikuwa jepesi, alisema, aliliinua kwa mkono mmoja, na kifuniko kilimtoka likabaki wazi mbele yake. Halikuwa na kitu.

Kanankira, mdogo wa mfamasia, alikuwa na kibanda cha vitenge sokoni Kwa Mrombo. Mikono yake bado ilikuwa na hina nyekundu ya sherehe. Alipoona sare ya Rodrick alikaa juu ya marobota yake mwenyewe.

"Dada amekufa?"

"Hajafa," alisema Naeku. "Amekunywa chai asubuhi hii. Jumamosi alikuletea boksi la bluu."

Kanankira alishusha macho kwenye hina yake. Mwanamke wa kibanda jirani, aliyekuwa akijifanya anapanga viatu, alisogea.

"Mwambie tu, Kana. Wewe unaogopa nini, soda si bangi."

"Mama Glori, nyamaza."

"Nanyamaza. Soda si bangi lakini."

Picha zilikuwa kwenye simu. Ilikuwa sendofu ya Kanankira, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, ukumbi umepambwa kwa vitambaa vya zambarau, na pembeni ya meza kuu boksi la bluu lilikuwa wazi, limejaa soda na mabonge ya barafu. Jina la kliniki ubavuni lilikuwa limefunikwa na utepe, lakini utepe wenyewe ulikuwa umelegea. Katika picha nyingine mshereheshaji alikuwa amelikalia.

"Kamati ya sherehe iliahidi friji, friji halikuja," alisema Kanankira. "Nikamlilia dada. Akasema kazini kwao ukikutwa umetumia kifaa cha dawa kwa mambo yako unafukuzwa siku hiyohiyo. Lakini akaleta. Jana nimempelekea kitenge pale kituoni, nikamwambia sema basi ulikuwa kwenye sherehe yangu. Unajua kanijibu nini? Kaniambia kesi ya wizi ataishinda kwa sababu hajaiba. Hii ya soda atashindwa, kwa sababu ni kweli."

Rodrick aligeuka kutazama viatu vya Mama Glori kwa muda, mabega yakimtikisika.

Naeku alirudisha simu. "Hongera kwa sendofu," alisema, na wakaondoka.

*

Friji la Lemara lilikuwa friji la kawaida la nyumbani, refu kufika kifuani. Dk. Shaheen, mwenye kliniki, alikuwa mwanamke mzima aliyezaliwa na kukulia Arusha, na alizungumza akitembea, kana kwamba wagonjwa wote wa wilaya walikuwa wanamsubiri koridoni.

"Friji maalumu limekwama bandarini," alisema. "Hili tumeliazima. Fundi akaweka kitasa. Kuna kifaa cha kurekodi joto usiku na mchana, betri yake imekwisha, nimeagiza. Najua unachotaka kusema, Inspekta."

"Sijataka kusema kitu, daktari. Natazama tu."

Naeku alikuwa amechuchumaa. Kitasa kilikuwa kizima, hakina mkwaruzo. Kila mtu aliyemhoji tangu Jumatatu alimwambia habari ya kitasa hicho na ufunguo wake mmoja. Alisimama. Juu ya mlango, nje, palikuwa na swichi ya kuzungusha, ya kuongeza na kupunguza baridi. Pembeni yake palikuwa na alama ndogo ya rangi nyekundu ya kucha.

"Hii alama?"

"Ya Elirehema. Swichi inatakiwa isimame hapo. Haiguswi."

"Na mtu akitaka kuigusa anahitaji ufunguo?"

Dk. Shaheen aliacha kutembea. "Hapana," alisema. "Iko nje."

"Ikizungushwa mpaka mwisho, dawa inakuwaje?"

"Inaganda barafu, hasa iliyo rafu ya nyuma, na zote zilikuwa rafu ya nyuma. Hii dawa haitakiwi kuganda hata mara moja. Barafu inazitoboa zile chembe za mafuta. Ikiyeyuka zinashikana, zinakuwa..."

"Vipande vinavyoelea," alisema Naeku.

"Lakini Jumatatu kipimajoto kilikuwa sawa. Na swichi ilikuwa kwenye alama, nimeiona mimi. Huwezi kwenda mbele ya wenye dawa ukasema labda iliganda. Watasema tunaficha wizi."

"Ndiyo maana nauliza. Rafu ya nyuma kulikuwa na kitu kingine?"

"Chanjo ya pepopunda ya wajawazito."

"Nayo ikiganda inaharibika?"

Dk. Shaheen alimtazama, kisha akavuta glavu kutoka mfukoni. "Inaharibika," alisema. "Na tofauti na hii nyingine, yenyewe inatoa ushahidi. Rodrick, jina lako ni Rodrick? Nenda zahanati ya hapo barabarani, mwambie mwenye chanjo anipe kichupa kimoja kizima cha pepopunda kutoka kwenye friji lake. Mwambie ni mimi."

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi, na kila nesi wa chanjo nchini amefundishwa. Kichupa kimoja walikipeleka kwa mwenye bucha wa jirani, kikakaa ndani ya friza lake katikati ya nyama mpaka kikawa jiwe. Chakula cha mchana kikapita, ugali na mchicha ambao hakuna aliyeumaliza. Kilipoyeyuka, Dk. Shaheen alivipanga vitatu mezani: kile cha bucha, ambacho walijua kimeganda, kile cha zahanati, ambacho walijua ni kizima, na kimoja kutoka rafu ya nyuma ya friji lao. Akavitikisa vyote kwa pamoja, akavisimamisha kwenye mwanga wa dirisha.

Kile cha zahanati kilibaki na ukungu wake, kama maji ya kuoshea mchele. Kile cha bucha kilianza kutulia, chengachenga zikishuka chini haraka na maji yakibaki safi juu. Kile cha friji lao kilishuka nacho, hatua kwa hatua, kama pacha.

Dk. Shaheen alivua glavu. "Nimemweka ndani mtu asiye na kosa."

"Bado," alisema Naeku. "Tumejua kilichotokea. Hatujajua nani. Jumapili zamu ilikuwa ya nani?"

*

Ilikuwa ya Sista Violet, nesi mpole aliyekula mchana ule bila kuinua macho. Aliingia akaona vile vichupa vitatu, na akaelewa kabla hajaambiwa.

"Kaa, Sista," alisema Naeku. "Umeme uliporudi Jumapili jioni, hili friji lilikuwaje?"

"Lilinguruma. Lilinguruma kuliko kawaida."

"Ukalitazama."

"Nikalitazama."

"Swichi ilikuwa wapi?"

Violet alitazama ile alama nyekundu. "Mwisho kabisa. Nikairudisha kwenye alama."

"Na hukumwambia mtu."

"Nilijua ni Elirehema kaizungusha, kwa sababu ya umeme kukatika. Wote tunafanya hivyo nyumbani. Ukisikia unakatika kesho, unalizidishia baridi leo. Nikaona nikisema namchoma rafiki yangu."

"Alipochukuliwa kwa wizi je?"

"Nikasema wizi watakosa ushahidi, watamwachia. Hili la swichi wangelipatia ushahidi."

Rodrick alishindwa kujizuia. "Kwani kliniki hii mmesomea sheria chuo kimoja?"

Naeku hakucheka. Alikuwa bado amelishika neno moja. Wote tunafanya hivyo nyumbani. Mchana ule hesabu yake ilikuwa imetimia: Jumamosi swichi ikazungushwa, usiku dawa ikaganda, Jumapili umeme ukakatika ikayeyuka, jioni Violet akairudisha swichi mahali pake, na Jumatatu kila kitu kikaonekana kizuri isipokuwa dawa yenyewe. Lakini Elirehema ndiye aliyeichora ile alama nyekundu. Mtu aliyeichora asingeizungusha.

"Koplo," alisema, "yule mzee wa asubuhi. Alisema hakuondoka mpaka amehakikisha nini?"

"Baridi, Afande. Kwamba baridi ipo ya kutosha."

"Friji limefungwa. Mwenye ufunguo yuko uani na boksi. Aliihakikishaje?"

Rodrick aliligeukia friji. Kisha wote wawili wakaitazama ile swichi iliyokaa juu ya mlango, wazi, mahali ambapo mkono wa mtu yeyote ungefika.

*

Duka la maziwa la Mzee Anande lilikuwa kando ya barabara kuu, Maji ya Chai, mahali ambapo mabasi ya Moshi yanapunguza mwendo na wauza ndizi wanakimbilia madirisha. Ndani kulikuwa na mafriji mawili yenye milango ya vioo. Aikaeli alikuwa amekaa nyuma ya meza, amevaa soksi nene, anahesabia mteja vikombe. Fimbo yake ilikuwa imeegemea ukuta wa mbali, karibu na mlango.

"Amekiri?" aliuliza mzee, kabla hata ya kuamkiwa.

"Shikamoo mzee. Nina swali moja dogo," alisema Naeku. "Wakitangaza umeme unakatika, haya maziwa unayafanyaje?"

"Swali gani hilo, mwanangu?" Lakini alikwishageuka, kwa sababu lilikuwa swali la kazi yake. Akainua mkono juu ya friji la karibu, akazungusha swichi mpaka ikagoma. "Hivi. Siku moja kabla. Unalijaza baridi mapema, umeme ukiondoka linakaa nayo. Nani asiyejua?"

"Na la Lemara?"

"Nalo. Walikuwa wameiweka swichi katikati, watu wamesoma namna ile. Nikasema hawa wataniulia..." Mkono wake ulibaki juu ya swichi. "Kwa nini unaniuliza?"

Naeku aliitafuta njia ya kulisema, akaona iko palepale mbele yake, kwenye kioo. "Mzee, maziwa yakigeuka barafu, halafu yakayeyuka, unayauza?"

"Siuzi. Mafuta yanajitenga. Utayaona yanaelea vipande..."

Basi lilipita nje, vioo vya mafriji vikatetemeka, na lilipokwisha kupita mzee alikuwa bado amesimama vilevile.

"Langu haligandishi," alisema kwa sauti ndogo. "Hata nikilizungusha mpaka mwisho. Miaka yote."

"Lako linafunguliwa kutwa nzima. Lile anafungua mtu mmoja, mara chache, na ni Julai. Ile dawa nayo ni mafuta, mzee. Mafuta madogo sana yaliyobeba ujumbe. Yamejitenga kama maziwa yako."

Mteja aliyekuwa akisubiri kikombe chake alikitazama, akaweka hela mezani, akatoka bila kunywa.

"Baba," alisema Aikaeli. "Kaa chini."

Hakukaa. "Yule binti yuko ndani. Nimekwenda asubuhi hii kusema aendelee kukaa ndani."

"Ndiyo," alisema Naeku. "Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu lazima nikwambie lote. Tumeonyesha kwamba friji liligandisha. Hatuwezi kuonyesha nani alizungusha swichi. Hakuna aliyekuona. Ukisema sikufanya, sina shahidi, na taarifa ya Ijumaa itakwenda na shimo katikati. Wenye dawa watalijaza shimo hilo wanavyotaka. Ukisema ulivyofanya, ni ajali yenye mwanzo na mwisho. Daktari amewapigia simu mchana huu. Ajali wanaielewa. Wataleta nyingine, kwa sharti la friji lenye king'ora."

"Na mimi mtanifunga?"

"Kuzungusha swichi ukidhani unaokoa dawa siyo wizi. Sioni kosa la jinai hapo. Lakini jina lako litaandikwa, na watu watalijua."

Mzee alimtazama bintiye. Aikaeli alikuwa amesimama. Alikuwa ametoka nyuma ya meza kwa kushikilia kingo zake, na sasa alivuka sakafu ile fupi bila fimbo, polepole, akitazama anapoweka kila unyayo, mpaka kwenye msumari ambapo koti la baba yake lilikuwa limening'inia. Akalishusha, akamletea.

"Nenda, baba," alisema. "Duka nitafunga mimi."

*

Elirehema alikuwa kaunta anarudishiwa vitu vyake walipofika. Mkanda, simu, pete, na ule ufunguo wenye uzi wa shingoni. Dk. Shaheen alikuwa amekuja kumchukua, naye kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa amesimama tuli. Walikwishazungumza, ilionekana, macho ya wote wawili yalikuwa mekundu, na Naeku alimsikia daktari akisema, "Hayo ya soda tutayaongea ofisini," kwa sauti isiyokuwa ya kumfukuza mtu.

Elirehema aligeuka akamwona mzee mlangoni, kofia yake ya sufu mkononi. Kwa kumtazama Naeku usoni, na kwa kumtazama mzee, aliunganisha mwenyewe. Alikuwa mtu wa kuunganisha mambo.

"Shikamoo baba," alisema.

Mzee hakujibu. Askari wa kaunta aliinua kichwa. Hata mtu wa karibu na mlango, aliyekuja kuripoti kuku walioibwa, aligeuka kutazama.

"Baba, nimekuamkia."

"Nimesikia, mwanangu," alisema Mzee Anande. "Niache kwanza nikaandikishe. Siwezi kuipokea kabla sijaandikisha."

Akaingia ofisini kwa Naeku, safari hii akakaa bila kuambiwa. Rodrick alivuta karatasi. Mzee alisema yote kwa mpangilio, kama mtu anayetoa hesabu ya jumuiya yake kanisani: maziwa, gari la matangazo, veranda, swichi, mkono wa kulia. Mahali Rodrick alipoandika kwamba aligusa swichi kwa bahati mbaya, mzee alimsimamisha.

"Siyo kwa bahati mbaya. Niligusa kwa makusudi. Nilitaka ipone. Andika hivyo."

Rodrick alimtazama Naeku. Naeku akatikisa kichwa kukubali, na maneno yakafutwa, yakaandikwa upya. Mzee aliyasoma akifuata mistari kwa kidole, akatia saini, akauliza kama wenye dawa wataelewa Kiswahili. Naeku alimwambia daktari atawatafsiria.

Nje jua lilikuwa limepenya wingu kidogo, na ubavu mmoja wa mlima ulikuwa umeonekana. Gari la Dk. Shaheen lilikuwa linanguruma langoni, mlango wake wa abiria umefunguliwa. Lakini Elirehema hakuwa ndani yake. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele ya kaunta, kitenge cha mdogo wake kimekunjwa mapajani, anasubiri.

Aliposikia mlango wa ofisi alisimama.

Mzee Anande alikwenda mpaka mbele yake. Aliiweka kofia yake ya sufu juu ya benchi.

"Marahaba," alisema.